Bingwa wa Dakika Kumi na Moja

Inatangazwa kwa umma wote wa Doha, wenye vibali vya kukaa na wale ambao vyao vimeisha, kwamba Cornelius Lugalia, askari wa lango la pili katika mtaa wa nyumba za kupangisha kule Al Thumama, mzaliwa wa Vihiga, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa asiyejua kuogelea, aliwahi kuwa Bingwa wa Jiji wa Kuvua Mtoni kwa Kayaki. Cheo hicho alikishika kwa muda wa dakika kumi na moja. Umma unaombwa usimame kwa heshima. Wenye miguu mibovu wakae, maana habari yenyewe ni ndefu na mwisho wake hakuna chakula.

Na kabla mtu hajanyoosha mkono: ndiyo, Doha haina mto. Nchi nzima haina mto, wala kijito, wala mtaro unaojiheshimu. Mvua ikinyesha watu hutoka nje kuipiga picha. Lakini wapo wageni waliokuja kufanya kazi za vyeo hapa wakitokea nchi zenye mito, na huko kwao wameacha samaki mmoja anayeitwa besi wa mdomo mdogo, wanamlilia kama mtu anavyomlilia mchumba aliyeolewa na jirani. Wageni hao wakaunda chama. Wakaagiza kayaki, vile vimashua vyembamba vya mtu mmoja, na wakachukua kitabu cha kanuni za mashindano ya kwao. Palipoandikwa besi wakafuta wakaandika chewa, samaki wa bahari ya hapa. Palipoandikwa jina la mto wakafuta wakaandika mkondo wa mikoko, ulioko mwendo wa saa moja kaskazini mwa jiji, ambako bahari ikijaa huingia katikati ya miti na ikipwa hutoka, na mwenye hamu kubwa akifinya macho anaweza kuuita mto. Kwingine kote waliacha kanuni kama zilivyokuwa, pamoja na kifungu cha tisa kinachoeleza la kufanya ukikutana na dubu.

Mwenyekiti wa chama hicho alikuwa Kumi na Nne.

Askari wa lango hawawajui wakazi kwa majina. Wanawajua kwa nambari za nyumba. Sita ana mbwa, Tisa ana wake wawili walioko nyumba tofauti, Ishirini na Moja huagiza pitsa kila siku na kumwambia mkewe yuko kwenye mazoezi. Kumi na Nne alikuwa mhandisi wa maji taka, mwekundu wa shingo, mchangamfu, mtu wa kusimamisha gari langoni na kuzungumza. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi, kwa hiyo karatasi yoyote inayohusu askari wa lango lazima ipite mkononi mwake.

Siku zake za kwanza alimuuliza Cornelius anatoka wapi Kenya. Cornelius akasema Vihiga. Kumi na Nne akatabasamu kama mtu aliyeambiwa jina la dawa. Cornelius akasema Mbale. Tabasamu likabaki lile lile. Ndipo Cornelius akasema lile ambalo kila mtu wa Vihiga aliyevuka mpaka husema akichoka: karibu na Ziwa Victoria. Kwenye ramani ni kweli. Ukiwa Vihiga penyewe, ziwa ni tetesi. Unaweza kuliona likimetameta kwa mbali ukipanda juu ya mawe siku isiyo na ukungu, na samaki wake humfikia mtu akiwa amekwisha kukaangwa.

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, na kwa miaka miwili haukumdhuru mtu.

Halafu Jumanne moja ya Novemba, saa nne asubuhi, simu ililia. Alikuwa Cyrus, mdogo wake. Hakuzunguka. Alisema Baba ametuacha, amekufa akiwa amekaa nje kwa fundi baiskeli, na fundi alidhani amesinzia, akaendelea kuziba pancha. Cornelius alisikiliza huku akimfungulia Sita na mbwa wake. Cyrus akaendelea kwamba wazee wamekaa, na mazishi ni Jumamosi ya wiki inayofuata, saa saba mchana. Si Jumamosi hii, ile nyingine. Wamesogeza hadi hapo kwa sababu yake. Yeye ndiye kifungua mimba, udongo wa kwanza kaburini ni wake. Hawatasogeza tena.

Cornelius akahesabu. Siku kumi na moja. Hata mtu anayetembea kwa magoti angeweza kufika.

Akaenda kwa Japheth. Japheth alikuwa msimamizi wa askari, mtu wa Kitale, aliyekuja Doha na cheo sawa na cha wenzake na sasa alitembea na kalamu mbili mfukoni. Alimpa Cornelius kiti, alimpa pole, akamuuliza mzee alikuwa na umri gani, akatikisa kichwa kwa kila mwaka. Kisha akatoa fomu ya likizo ya dharura.

“Sikia, ndugu yangu,” akasema. “Mimi nakuelewa kama mtu. Shida ni kwamba fomu haina mahali pa kuandikia mtu. Ina mahali pa sahihi ya mteja. Mteja akisaini kwamba anakubali lango lako lishikwe na askari wa kuazima, hata leo jioni panda ndege. Asiposaini, mimi hapa ni kama hilo feni. Nazunguka tu.”

Mteja maana yake kamati. Kamati maana yake Kumi na Nne. Kuondoka bila sahihi pia kuliwezekana, mlango wa uwanja wa ndege haukufungwa, ila ingekuwa safari ya kwenda tu. Na kule nyumbani mke, watoto watatu, mama na sasa pia Cyrus walikuwa wanakula kutoka katika lango hilo la pili.

Jumatano jioni alisimama mlangoni kwa Kumi na Nne, kofia mkononi, fomu ndani ya bahasha. Kumi na Nne aliisoma. Aliweka mkono kifuani kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu hadi nne. Alisema amesikitika sana, na hakuna shaka alisikitika. Halafu jambo likamjia, na uso ukaanza kung'aa kidogo kidogo kama taa ya bomba.

Akauliza kama Cornelius si yule wa ziwani.

Ikawa hivi. Mashindano ya mchujo yalikuwa Ijumaa hiyo, keshokutwa. Kanuni zinataka watu wawili wawili. Mwenzake alikuwa ameteguka bega kwenye tenisi, na yeye, mwenyekiti, aliyeandaa kila kitu na kununua hata kombe, alikuwa anakaribia kuyatazama mashindano yake kutoka nchi kavu. Na kumbe siku zote hizo langoni kwake alikuwa amekaa mvuvi wa Ziwa Victoria. Alimshika Cornelius bega. Waende pamoja Ijumaa, wavue, wakirudi atasaini hapo hapo ufukweni. Hakulisema kama sharti. Alilisema kama zawadi mbili zilizokutana.

Hapo ndipo Cornelius angepaswa kusema kwamba hajawahi kushika ndoana. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni kwamba Ijumaa saa ngapi.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa kwenye mikoko. Njiani Kumi na Nne alimsomea kanuni mara tatu, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. Samaki akikamatwa alazwe kwenye ubao wa kupimia, kichwa kushoto, mdomo umefungwa, mkia umenyooka. Apigwe picha. Kisha arudishwe majini akiwa hai, na aonekane kwenye video akienda zake. Samaki aliyekufa hahesabiwi, na jozi iliyomuua hutolewa. Cornelius alisikiliza hili la mwisho kwa adabu, akidhani ni utani wa Kizungu. Watu ishirini na wanne wazima wameamka alfajiri, wamevaa miwani myeusi na soksi za mikononi, kwenda kumsumbua samaki na kumwomba radhi.

Mtunzaji wa kayaki alikuwa Salum, Mzanzibari wa Nungwi, mwembamba kama mlingoti, aliyeajiriwa na chama kufunga watu majaketi ya kuelea na kuwaopoa wakipinduka. Alimtazama Cornelius akikaribia maji, akajua kila kitu kabla hajaulizwa.

“Ushawahi kupanda chombo, sheikh wangu?”

“Feri ya Likoni. Mara moja.”

“Ukakaa wapi?”

“Katikati.”

Salum alilikaza jaketi mpaka Cornelius akakohoa. Akamwambia kafi ishikwe hivi, mgongo ukae wima, na akitaka kuogopa aogope bila kutikisika. Maji yenyewe, alisema, yanafika kiunoni tu. Watu wengi hapa wamekufa maji wakati walichotakiwa kufanya ni kusimama. Kisha akamsukuma, na askari wa lango la pili akaelea katikati ya mikoko, magoti yamekutana na kidevu, akinong'ona jina la Bwana kwa Kilogooli, lugha ya kwao.

Kumi na Nne alipiga makasia mbele, akapotea kwenye kona kutafuta mahali pake pa siri. Kila mmoja alitakiwa avue peke yake, na vipimo vya jozi vijumlishwe. Kwa saa mbili Cornelius hakuvua chochote. Aliutupa mshipi ukanasa kwenye mti. Akaunasua, akautupa tena, ukanasa kwenye jaketi lake. Jua lilipanda. Akaanza kufikiri juu ya baba yake, ambaye hakuwahi kuvua wala kuogelea wala kusafiri mbali kuliko Eldoret, na ambaye mara ya mwisho kwenye simu alimwomba kitu kimoja tu, miwani ya kusomea, na akasisitiza isiwe ya wanawake. Miwani ilikuwa chini ya kitanda chake kwenye kambi ya askari, bado kwenye kisanduku.

Alikuwa anafikiri hivyo wakati fimbo ya kuvulia ilipojikunja.

Hakuna haja ya kueleza pambano. Wavuvi wote hueleza pambano, ndiyo maana hawana marafiki. Samaki alivuta, Cornelius alivutwa, kayaki ilizunguka mara mbili na nusu kama kuku aliyekatwa, na mwishowe kwa sababu zisizojulikana kati ya hao wawili aliyechoka kwanza alikuwa samaki. Akampandisha. Alikuwa chewa, wa hudhurungi, madoa mgongoni, mdomo kama mfuko wa posta, mnene kama paja la mtoto aliyeshiba. Akaanza kupiga mkia ndani ya kayaki, pa, pa, pa, na chombo kikaanza kuyumba kuelekea upande ambao Cornelius hakutaka kwenda.

Sasa, mtu wa Vihiga anajua jambo moja kuhusu kiumbe anayepapatika mikononi mwake na mgeni yuko mezani. Analijua tangu akiwa na miaka saba, kila Desemba. Mikono ya Cornelius haikumuuliza. Ilichukua kafi, ikageuza upande wa mpini, ikampiga chewa katikati ya macho mara moja, vizuri, kwa kipimo.

Ukimya ukarudi kwenye mikoko.

Chewa alilala kwenye ubao kama mzee wa kanisa. Kichwa kushoto. Mdomo umefungwa. Mkia umenyooka. Sentimita sitini na moja. Cornelius alipiga picha, na picha ilikuwa nzuri kiasi kwamba baadaye kamati ya mashindano iliipitisha kutoka mkono hadi mkono, ikisema haijawahi kuona samaki aliyetulia vile. Ndipo aliposhika simu kurekodi video, na kile kifungu kilichosomwa mara tatu ndani ya gari kikasimama mbele yake, nacho hakikuwa utani.

Alimwingiza majini. Akamtikisa. Akampuliza mdomoni, kitu ambacho ni bora mkewe asisikie. Chewa alimtazama kwa jicho moja lisilo na kinyongo. Cornelius akafikiri juu ya fomu, juu ya sahihi, juu ya shimo lililochorwa tayari nyuma ya nyumba kule nyumbani. Kisha akakoroga tope kwa kafi mpaka maji yakawa chai ya maziwa, akaanza kurekodi, akamsukuma samaki kwa nguvu ndani ya tope, akazima simu kabla samaki hajaamua kuelea. Video ya sekunde tatu. Inaonyesha mkono, tope, na mkia ukienda zake.

Kumi na Nne alipoiona alilia. Machozi kweli, yakitoka chini ya miwani. Yeye mwenyewe alikuwa na wa sentimita thelathini na tatu. Walipofika ufukweni aliomba kalamu, akaiweka fomu juu ya goti lake lenye maji, akasaini: siku kumi na nne kuanzia Alhamisi ijayo. Alhamisi ndege, Ijumaa Vihiga, Jumamosi udongo. Cornelius aliitazama sahihi ile kama mtu anayetazama mtoto wake mara ya kwanza. Akaiingiza mfukoni, akaitoa, akaitazama, akairudisha.

Ndipo akatambua kwamba ana njaa. Akaenda kwenye kivuli cha gari la kayaki, ambako Salum alikuwa amekalia sanduku la barafu.

Salum hakuinuka. Alimuuliza tu kwa upole huko kwao Ziwa Victoria samaki hufa kwa ugonjwa gani. Alikuwa kwenye doria yake ya kuopoa watu, alisema, akamkuta chewa mmoja ameelea kwenye mizizi ya mkoko, hana jeraha ila hapa katikati ya macho, kama aliyefumaniwa. Sasa yumo humu. Cornelius akamwomba anyamaze. Salum akasema kwani yeye ni redio. Yeye alikuwa anawaza nazi ya kumpikia.

“Mimi na wewe hatukujuana,” akasema. “Ila jipange, mtu wa bara. Jumamosi ijayo fainali ni bahari ya wazi. Kule hakuna cha kiunoni.”

Cornelius akauliza fainali gani.

Salum akamweleza kama anavyoelezwa mgonjwa. Huu ni mchujo. Jozi inayoshinda inaiwakilisha Doha kwenye fainali ya vilabu vyote vya nchi, Jumamosi ijayo, tangu asubuhi hadi saa tisa. Majina hayabadilishwi. Iko kwenye kitabu, baada ya dubu.

Basi mtu huyu alisimama pale juani na kupiga hesabu upya, na hesabu ilitoka ile ile. Kila kitu alichokifanya tangu asubuhi, kupanda chombo, kuua, kudanganya, alikuwa amekifanya ili afike nyumbani Jumamosi, na kila kimoja kilikuwa kimemfunga Doha Jumamosi hiyo hiyo. Angepinduka kwenye maji ya kiunoni, akaopolewa akilia, angekuwa ameshinda.

Alimtafuta Kumi na Nne. Hakulazimika kuanza, Kumi na Nne alikuwa anamtafuta yeye, na mkono ameunyoosha. Alitaka fomu. Arekebishe tarehe tu, alisema, waisogeze kidogo, aondoke Jumapili badala ya Alhamisi, fainali ikiisha. Siku tatu tu. Cornelius akamwambia kwamba mazishi ni Jumamosi yenyewe. Kumi na Nne akaweka tena mkono kifuani, akahesabu nne, akasema hakika familia itaelewa ikisikia ni kwa ajili ya nini. Aliikunja fomu, akaiweka kwenye mfuko wa shati lake la kuvulia, akafunga kishikizo. Wakati huo huo mtu akapuliza filimbi, na wote wakaitwa chini ya turubai.

Kulikuwa na kipaza sauti. Kulikuwa na kombe lenye samaki wa shaba, mdomo mdogo. Katibu wa chama alisoma matokeo kwa sauti ya kumtawaza mfalme: kwa jumla ya sentimita tisini na nne, mabingwa wa mto, mwenyekiti wetu, na mvuvi wa asili kutoka kwenye maji makuu ya Afrika. Watu wakapiga makofi. Cornelius alisimama na upande mmoja wa kombe mikononi. Picha zikapigwa, Kumi na Nne akahutubia, akazungumzia ndugu waliounganishwa na maji. Dakika ya tisa akamwambia bingwa naye aseme machache. Bingwa alitazama shati la mwenzake, pale kwenye kishikizo.

“Samaki alikuwa amekufa,” akasema.

Wakacheka. Walidhani ni unyenyekevu, au Kiingereza.

“Nilimuua mimi. Kwa kafi. Kwetu hakuna ziwa.”

Hakuna aliyejua la kufanya na maneno hayo, kwa hiyo Cornelius akashuka, akaenda kwenye gari la kayaki, na Salum, ambaye alikuwa amesikia yote, aliinuka kwenye sanduku bila kuombwa. Alisema tu kwa sauti ya chini kwamba hata kumla hajamla. Cornelius akarudi na chewa mikononi, ana barafu kwenye mapezi, akamlaza mezani kando ya kombe. Kichwa kushoto. Katibu aliinama akatazama katikati ya macho. Akainuka. Akafungua kitabu cha kanuni ingawa alikijua kwa moyo, maana ilibidi mikono ifanye kitu.

Jozi ikatolewa. Kombe likaenda kwa ndugu wawili wa benki wenye sentimita themanini. Kumi na Nne hakupiga kelele, na kupiga kelele kungekuwa afadhali. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa. Alitoa funguo za gari, akatembea hadi kwenye gari, akaondoka. Kiti cha pili kilikuwa kitupu, na shati alikuwa amelivaa.

Salum alimrudisha Cornelius mjini nyuma ya gari la kayaki. Hakumtania hata mara moja mpaka Al Thumama, na hilo lilimtisha Cornelius kuliko chochote.

Fainali haikuwepo tena. Jumamosi ilikuwa wazi, kama alivyotaka. Kilichobaki ni ile sahihi, ambayo ilikuwepo kabisa duniani, kamili, na tarehe sahihi, ndani ya mfuko wa shati. Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwa Kumi na Nne. Mke akasema bwana ameondoka alfajiri, safari ya kazi nje ya nchi, siku nane. Kuhusu karatasi hajui. Cornelius akasema ni ya mfukoni, kwenye shati. Mke akasema mashati hayamhusu. Jumapili Japheth alimwandikia Kumi na Nne barua pepe ya heshima, aya tatu, pole mwanzoni na shukrani mwishoni. Jibu lilikuja kabla hajainua kidole. Lilitoka kwa mashine, na lilisema mwenye anwani yuko safarini. Jumatatu akaandika tena. Mashine ikajibu tena, kwa adabu ile ile. Kwenye kamati hakukuwa na makamu; makamu ndiye aliyeteguka bega, na alikuwa amekwenda kwao kulitibu.

Jumatano Cyrus alipiga simu kuuliza ndege inatua saa ngapi. Cornelius akamweleza. Aliruka habari za samaki, akasema tu kwamba sahihi haijapatikana. Cyrus akauliza, basi udongo wa kwanza atarusha nani. Cornelius akasema, wewe.

Saa za Doha na saa za Vihiga ni zile zile, kwa hiyo Jumamosi ilipofika saa saba huku ilikuwa saa saba kule, na hakukuwa hata na kosa la saa la kujificha nyuma yake. Simu ilisimamishwa juu ya meza ya kibanda cha lango, imeegemezwa kwenye kitabu cha wageni. Mtu fulani kule alikuwa ameshika ya kwake juu ya vichwa. Picha ilikuja, ikaganda, ikaja. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa mwekundu na mzito. Cornelius alivua kofia. Sita akapita na mbwa, akamfungulia. Kwaya ikaanza. Pitsa ya Ishirini na Moja ikafika. Akaandika nambari ya pikipiki, saa ya kuingia, akasaini. Aliporudi kwenye simu, jeneza lilikuwa limeshashuka, na Cyrus alikuwa amesimama ukingoni na ngumi imejaa. Cyrus hakurusha. Aligeuka kwanza akaitazama ile simu iliyoinuliwa, moja kwa moja, kama mtu anayeomba ruhusa.

Cornelius akaitikia kwa kichwa. Picha ikaganda. Hakujua kama imeganda kabla au baada. Alibaki anaitikia kwa kichwa, mara nyingi, peke yake ndani ya kibanda, mpaka gari likapiga honi nyuma ya kizuizi.

Jumatatu mchana Japheth alikuja langoni. Alikuwa amepiga pasi shati. Alisimama mbele ya kibanda, miguu pamoja, akasafisha koo, na kalamu zote mbili zilikuwa mahali pake. Kumi na Nne amerudi jana, alisema. Haikuwa hasira hata kidogo. Watu wasiwe na mawazo mabaya. Fomu ilisahaulika mfukoni, imeonekana shati lilipotolewa kwenda kufuliwa. Mteja amesikitika mno. Hana kinyongo cha samaki. Amesogeza tarehe kwa mkono wake mwenyewe na kutia sahihi ya pili pembeni, ili pasiwe na shaka.

Kisha akaiinua karatasi kwa mikono miwili, yenye mkunjo na doa la maji ya chumvi, na sauti yake ikapanda kama ya msoma Injili.

“Cornelius Lugalia. Kwa niaba ya kampuni, na kwa idhini ya mteja, nina heshima kukuarifu kwamba likizo yako ya dharura, ya siku kumi na nne, kwa ajili ya kumzika mzazi, imekubaliwa. Kuanzia kesho.”

Cornelius aliipokea, akaisoma yote, pamoja na nyuma ambako hakukuwa na kitu. Akafungua droo, akaiweka chini ya kitabu cha wageni.

“Kesho niko zamu ya asubuhi,” akasema.